Mpende Mjerumani Mzee, Lakini Uliza Ukoo Wake Kwanza

Mwezi huu tunamwongelea mpenzi wa tatu ndani ya nyumba. Usishtuke, si yule unayemfikiria. Huyu ana matairi manne, alizaliwa Ujerumani miaka ya sabini au themanini, anakunywa mafuta kama hana akili nzuri, na akipita mtaani hata watoto wanaacha mpira kumwangalia.

Nazungumzia magari ya zamani ya Kijerumani yaliyotengenezwa kwa ajili ya mwendo. Porsche 911 Carrera RS ya mwaka 1973. BMW M3 ile ya kwanza kabisa. Mercedes-Benz 190E ya valvu 16. Kwa wengi wetu hizi ni picha tu kwenye simu. Lakini wapo wasomaji wetu wanaofanya kazi Ujerumani, Uingereza na kwingineko Ulaya, ambako magari haya huuzwa kila wiki, na kwao ndoto inashikika. Mkwanja unawekwa pembeni mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Tangazo linapatikana. Muuzaji anasema wahi, kuna mtu mwingine anakuja kesho. Na mtu mzima mwenye digrii yake anapoteza usingizi.

Hapo ndipo nataka tukae kitako. Ukinunua gari la kawaida, unanunua usafiri. Ukinunua mojawapo ya haya, unanunua historia. Rangi inapigwa upya, viti vinashonwa upya, injini inafumuliwa na kufungwa upya. Historia haifungwi gereji. Kama ni ya uongo, umenunua uongo kwa bei ya ukweli, na hasara hiyo hubebi peke yako. Anaibeba na yule unayelala naye kitanda kimoja.

KWA NINI YANA BEI KUBWA HIVYO

Sababu ni moja, nayo inachekesha kidogo: sheria za mashindano. Wakubwa wa mbio za magari walisema kampuni ikitaka kuingiza gari kwenye daraja fulani, lazima kwanza itengeneze idadi fulani ya magari ya aina hiyo kwa ajili ya watu wa kawaida. Kwa hiyo kampuni zikajikuta zinawauzia madaktari na mawakili magari ya mbio yaliyovalishwa suti.

Porsche walitakiwa kutengeneza 500. Wakaonyesha Carrera RS 2.7 kwenye maonyesho ya magari ya Paris Oktoba 1972, wengine wakidhani hazitauzika. Zikaisha. Mpaka mwisho zilikuwa zimetengenezwa 1,580, zikiwemo 55 za mbio tupu zinazoitwa RSR. Injini ya lita 2.7, nguvu za farasi 210, na zile nyepesi kabisa zilikuwa na kilo 960 hivi. Nyuma kuna kile kispoila kidogo ambacho Wajerumani wenyewe wanakiita Bürzel, yaani mkia wa bata. Kazi yake ni kulizuia gari lisinyanyuke nyuma likiwa kasi.

BMW nao walihitaji M3 5,000 ndani ya mwaka mmoja. Walianza mwaka 1986, wakafika karibu 18,000 mpaka mwaka 1991. Na Mercedes-Benz? Hao walimpa kazi Cosworth wa Uingereza awatengenezee kichwa cha injini chenye valvu 16, kisha tarehe 12 Mei 1984 wakawapanga madereva maarufu wa Formula One kwenye barabara mpya ya Nürburgring, kila mmoja na 190E yake inayofanana na ya mwenzake. Akashinda kijana wa Kibrazili wa miaka 24, Ayrton Senna, Niki Lauda akiwa wa pili. Tangazo la biashara gani linaweza kuzidi hilo?

Machache, yenye sifa, yenye hadithi. Sasa fikiri kama mjanja wa mjini. Kitu kikiwa kichache na watu wanakililia, si utakiongeza?

MKIA WA BATA KWENYE KUKU

Mwaka huohuo wa 1973 Porsche waliuza pia 911 za kawaida kwa maelfu, kama ile 911T ya farasi 130. Kwa mbali, sura ni ileile. Ukichukua 911T, ukaifunga mkia wa bata, ukatanua mapaja ya nyuma, ukaandika Carrera ubavuni kwa rangi ya kijani au nyekundu, jirani yako hatajua tofauti. Mke wako hatajua. Na wewe, kama umeshapenda, hutataka kujua.

Tofauti ya bei hapo inatisha. RS halisi iliyo safi hupita nusu milioni ya euro. Ile 911T, hata ikiwa nzuri, haifikii hata nusu ya hapo. Waswahili walishasema zamani: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Na usidhani wanaopigwa changa la macho ni washamba peke yao. Mwaka 2007 nyumba ya mnada ya Christie's ilikuwa iuze Paris gari la mbio la Auto Union la mwaka 1939, kwa bei ya mamilioni ya dola. Kabla ya siku yenyewe likaondolewa mnadani kwa sababu historia yake ya mbio ilitiliwa shaka. Gari lenyewe lilikuwa la kweli, chuma cha Kijerumani cha kweli. Swali lilikuwa: je, ni hili hasa lililokimbia mbio zile, au ni ndugu yake? Ukoo tu.

JINSI YA KUULIZA UKOO

Kuuliza si ujinga. Na katika biashara hii, muuzaji anayekasirika ukimuuliza ameshakujibu.

Anza na namba. Kila gari lina namba ya chasi, na injini ina namba yake. Kwenye 911 ya zamani injini iko nyuma na buti liko mbele, kwa hiyo namba ya chasi utaikuta umeinama kwenye buti la mbele, chini ya zulia. Za RS 2.7 zinaanza na 91136. Ukikuta 91135, hiyo ni 911T, hata iwe na mikia ya bata mitatu. Injini ya RS ni aina ya 911/83. Linganisha namba hizo na hati, na uziangalie zenyewe: zimekaa sawasawa au kuna kovu la kuchomelea na msasa pembeni? Namba iliyopigwa upya huwa na jirani mwenye makovu.

Kwa BMW, angalia herufi tatu za mwanzo za namba ya chasi. M3 zinaanza na WBS, maana zimetoka kitengo cha M. Ndugu zake wa kawaida huanza na WBA. Halafu hesabu nati za rimu: M3 ile ina tano, ya kawaida ina nne. Kioo cha nyuma cha M3 kimelala zaidi, na mfuniko wa buti umeinuliwa na ni wa plastiki. Kuigeuza ya kawaida iwe M3 ni kazi kubwa, ndiyo maana wajanja wengi hawahangaiki na bodi. Wanacheza na injini, au wanahamisha namba za gari lililogongwa kwenda kwenye bodi nyingine.

Baada ya namba, karatasi. Porsche, BMW na Mercedes-Benz wana kumbukumbu za magari yao ya zamani: lilitoka kiwandani lini, rangi gani, likiwa na vitu gani. Kwa kawaida anayejibiwa ni mwenye gari, kwa hiyo mwambie muuzaji aombe, na mkubaliane kabla kwamba hakuna hela itakayotoka mfukoni mpaka jibu lije na mlione wote. Picha ya cheti kwenye simu si cheti.

Kisha faili la gari. Risiti za gereji, vitabu vya sevisi, wamiliki waliopita. Ujerumani gari hukaguliwa kila baada ya miaka miwili, na ripoti huandikwa kilometa zilizokuwa kwenye mita siku hiyo. Zipange ripoti hizo mezani kwa tarehe. Kama mwaka 1994 lilikuwa na kilometa 140,000 na leo linauzwa na 85,000, huhitaji mganga wa kukufunulia.

Mwisho, mtafute fundi wako. Nasema wako, siyo rafiki wa muuzaji. Awe anayeijua aina hiyo hasa. Atainua gari juu na kutafuta kutu: kwenye vizingiti vya milango, chini ya betri, sehemu za kuwekea jeki. Porsche walianza kuzipaka bodi zote za 911 zinki kwa magari ya mwaka 1976, kwa hiyo RS ya mwaka 1973 haina kinga hiyo. Fundi atakuwa na kifaa cha kupima unene wa rangi. Wewe nawe beba sumaku ndogo uliyoifunga kitambaa laini: ikigoma kushika kwenye chuma, hapo chini kuna puti. Ila ujue pa kuiweka, maana mkia wa bata na lile buti la M3 havikuwa vya chuma tangu mwanzo. Ukaguzi huo unaweza kukugharimu mamia kadhaa ya euro. Ukiona ni nyingi, kumbuka bei ya kimeo.

FEKI SIYO DHAMBI, UONGO NDIYO DHAMBI

Hapa naomba tuelewane, kwa sababu wapenzi wa magari huwa wakali kama mashemeji kwenye kikao cha mahari. Si lazima kila kitu kiwe cha kuzaliwa nacho. Mengi ya magari haya yalikimbizwa kweli kwenye mbio, injini zikapasuka, milango ikabadilishwa. Gari lenye injini ya pili siyo mkweche. Ni gari lenye injini ya pili, na bei yake ishuke kulingana na hilo.

Hata ile 911 ya kawaida iliyovalishwa mkia wa bata ni gari tamu tu la Jumapili, kama muuzaji amekwambia ni ya kawaida na amekuuzia kwa bei ya kawaida. Kwa wapenzi wawili wenye mshahara wa kawaida, pengine hiyo ndiyo chaguo la busara kuliko zote: unapata mlio uleule, huna presha ya makumbusho.

Tatizo linaanza pale mtu anapoficha. Na kuficha huko kunarithiwa. Ukilinunua ukijua ni la kuungaunga, ukamuuzia mwingine kama halisi, sasa mwizi ni wewe, na namba zilezile zitakuumbua.

KULEA MZEE

Umelipata, ni la kweli, hongera. Sasa gharama za ndoa.

Porsche za zamani hazina maji ya rejeta. Injini hupozwa kwa hewa na oili, na oili yenyewe hupimwa injini ikiwa imepata moto na inaunguruma, siyo ikiwa imezimwa kama ulivyozoea. Injini ya M3, ile S14, ni ya mbio kweli: valvu zinatakiwa kupimwa na kurekebishwa kwa wakati wake, na mnyororo wa ndani haupendi mwenye gari mvivu. Spea zipo, maana kampuni zenyewe bado zinatunza magari yao ya zamani, ila bei yake itakufanya ukae chini kwanza.

Kuna nafuu pia. Ujerumani gari lililotimiza miaka 30 na likiwa katika hali nzuri ya asili linaweza kupewa namba yenye herufi H mwishoni, na kodi yake inakuwa euro 191 hivi kwa mwaka bila kujali ukubwa wa injini. Uingereza, gari lililotimiza miaka 40 linaweza kusamehewa kodi ya barabara. Kwenye bima, usikubali ile ya kawaida inayoliona gari lako kama chuma cha zamani. Tafuta bima ambayo thamani mmekubaliana tangu mwanzo, na ripoti ya mthamini imo kwenye faili.

Halafu liendeshe. Gari linalokaa mwaka mzima chini ya shuka linakauka mpira, linakwama breki, linaota kutu. Hizi zilizaliwa kukimbia, na sisi Afrika Mashariki tunalijua hilo kuliko wengi. Kwenye Safari Rally yenyewe, Porsche 911 ilishika nafasi ya pili mwaka 1972, mwaka 1974 na tena mwaka 1978, na mbio hizo haikuwahi kuzishinda. Mwaka 2011, kwenye mashindano ya magari ya zamani ya East African Safari Classic, Björn Waldegård, yuleyule aliyekuwa wa pili mwaka 1974, akarudi na 911, mwanawe Mathias akiwa kiti cha pembeni akimsomea njia. Wakashinda. Baba alikuwa na umri wa miaka 68. Magari ya namna hiyo unayafungiaje banda miaka nenda rudi?

NA NYUMBANI JE?

Haya, sasa tufunge mlango tuongee wenyewe.

Kaka, dada, usiseme ni uwekezaji kama bado hujamwambia mwenzio bei kamili. Ni kweli bei za magari haya zilipanda sana miaka ya 2010. Ni kweli pia kwamba baadhi zilikuja kutulia na nyingine kushuka. Hela ya ada, ya kodi ya nyumba, ya matibabu ya mama, isiingie humo. Hela ya gari hili iwe ile ambayo ikiganda miaka mitano hakuna mtu ndani ya nyumba atakayelala njaa.

Kabla ya kupiga simu kwa muuzaji, kaeni wawili na daftari. Mali bila daftari huisha bila habari. Andikeni kikomo cha bei, na kikomo kiwe kikomo hata muuzaji akilia. Andikeni hela ya pembeni ya matengenezo. Mimi ningetaka kuona angalau sehemu moja ya kumi ya bei imekaa pembeni siku ya kununua, haijaguswa. Litalala wapi? Litaandikwa jina la nani? Mambo yakiwa magumu, nani ana haki ya kusema tuuze? Maswali haya yanauma kuyauliza mapema, lakini mbele ya mwanasheria yanauma zaidi.

Na wewe ambaye huna habari na magari, usijitoe. Wewe ndiye mkaguzi bora wa familia, kwa sababu hujapenda. Nenda naye siku ya kuliangalia gari. Muache yeye asikilize mlio, wewe msikilize muuzaji. Akiulizwa risiti ya mwaka fulani anageuza maneno? Anawaharakisha? Amelinunua lini na mbona analiuza upesi? Macho yasiyo na mahaba yameokoa watu wengi.

Kwa wanaofikiria kulisafirisha kuja nyumbani, fanyeni hesabu kabla ya meli. Kenya ina kikomo cha miaka minane kwa magari yaliyotumika yanayoingizwa nchini, na usukani wa kushoto ni kasheshe nyingine. Tanzania kuna ushuru wa uchakavu unaopanda gari likizeeka. Kwa walioko Ulaya, ushauri wangu ni kulifurahia hukohuko, barabara ni nzuri na mafundi wake wapo. Mkija likizo, tuleteeni picha.

Kwa hiyo kabla hujaweka sahihi: namba umezisoma kwa macho yako, jibu la kiwandani unalo mkononi, fundi ameshatoka chini ya gari, na mwenzio anajua bei mpaka senti ya mwisho. Kimojawapo kikikosekana, mwache huyo mtu wa kesho alichukue. Magari yapo.

Tukutane mwezi ujao. Mpaka hapo, pendaneni, na muoneshane risiti.